Anunuaye darubini ajiulize kwanza atatazama nini

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea upande wa mashariki wa Mlima Kenya hufika mahali ambapo barabara kuu hugawanyika. Mkono mmoja huenda Sagana, Karatina na Nyeri. Mkono wa pili hupita katikati ya mashamba ya mpunga ya Mwea hadi Embu na hatimaye Meru. Mahali hapo huitwa Makutano. Msafiri huyohuyo akiendelea mpaka mjini Meru atakuta mtaa mwingine uitwao Makutano vilevile. Nimepita kati ya Makutano haya mawili mara nyingi kiasi cha kutoweza kuhesabu, na nitayatumia yote mawili katika makala haya, maadam yananifaa kueleza jambo ambalo walimu na wanafunzi wengi wameniuliza.

Wachuuzi wa Makutano ya kwanza hawana mchezo. Kabla gari halijasimama barabara, madirisha yote huwa yamejaa ndizi, maembe na karanga. Hivi majuzi miongoni mwa bidhaa hizo ilichomoza darubini nyeusi ya macho mawili, imeandikwa ubavuni kwa tarakimu za dhahabu: 60x90. Mchuuzi aliapa kwamba chombo hicho kingemwonyesha mnunuzi theluji ya mlima kana kwamba yuko kileleni. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, mwalimu kijana aliyeketi mbele yangu alitoa pesa akainunua kwa ajili ya chama cha mazingira cha shule yake. Gari lilipoondoka aliiweka machoni, akaitoa, akayafuta macho, akaiweka tena. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa heshima, "Mzee, mbona naona ukungu na watu wawili wawili?"

Jibu nililompa lilikuwa fupi kwa kuwa naye alikuwa akishuka karibu. Leo nalirefusha.

Hebu tuanze na tarakimu hizo, kwani ndizo chanzo cha hasara nyingi. Darubini ya kweli huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza hueleza ni mara ngapi kitu kitaonekana kimesogea karibu: ndege aliye umbali wa mita 80 ataonekana kana kwamba yuko mita 10. Ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Basi, kama maandishi yale ya 60x90 yangekuwa ya kweli, kila kioo cha mbele kingekuwa na upana wa mdomo wa kikombe kikubwa cha chai. Kioo nilichokiona mle garini hakikuzidi kifuniko cha chupa ya soda! Aliyeziandika tarakimu zile alikuwa akipamba tu, kama apambaye matatu.

Mwanafunzi mwenye rula anaweza kumfichua muongo huyo kwa dakika mbili. Na aishike darubini mbali na uso, kadiri mkono unavyonyooka, aielekeze kwenye mawingu meupe au ukuta uliong'aa. Katika kila kioo cha nyuma, kile cha kuwekea jicho, ataona duara dogo la nuru. Aupime upana wa duara hilo, aupime pia upana wa kioo cha mbele, kisha agawe kipimo kikubwa kwa kidogo. Darubini yenye milimita 30 mbele na duara la milimita 4 nyuma hukuza takriban mara saba na nusu, hata kama ubavuni imeandikwa 60. Sijui zoezi la fizikia lililo rahisi na lenye manufaa kuliko hili, na halihitaji maabara.

Duara hilo la nuru lina siri nyingine iliyo muhimu zaidi. Kwa jua la adhuhuri mboni ya jicho la mwanadamu husinyaa ikabaki na upana wa milimita mbili au tatu. Gizani hupanuka, na kwa kijana yaweza kufika milimita saba. Sisi wenye mvi hatufiki huko. Ikiwa duara la darubini ni dogo kuliko mboni, kitu kitazamwacho kitaonekana kimefifia. Ikiwa ni kubwa kuliko mboni, nuru ya ziada humwagika nje ya jicho bure. Darubini ya 8x42 ina duara la milimita tano na robo. Ya 7x50 lake hufika saba. Ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 ina milimita mbili na nusu tu. Kwa hivyo mtu akikuuliza ipi ni bora, huwezi kumjibu kabla hujamuuliza atatazama nini, wapi, na saa ngapi.

Hapa ndipo Makutano mawili yanaponifaa. Ukisimama Makutano ya Mwea nchi iko wazi, jua ni kali, na mashamba yaliyojaa maji humetameta. Yangeyange na korongo husimama majini bila kujificha. Adhuhuri ya mahali hapo hata darubini ndogo ya 8x25, ambayo uzito wake ni kama gramu 300, hutosha kabisa, kwa kuwa nuru si haba. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ardhi ikishapata joto, hewa iliyo juu yake hutetemeka, na darubini hukuza mtetemeko huo pamoja na ndege. Mwenye darubini ya kukuza mara 20 ataona madoa meupe yanayocheza, ilhali mwenye ya mara 8 ataona miguu, mdomo na manyoya. Atakaye kuona mbali Mwea na aamke mapema. Saa kumi na mbili unusu asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, kilele cha Batian chenye urefu wa mita 5,199 huonekana wazi kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 60. Kwa darubini ya mara 8 ni kama umekisogelea hadi kilomita 8 hivi. Mwanafunzi atakayetazama na auone mwamba mtupu ulivyo mwingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya barafu iliyokuwapo Mackinder alipofika kilele hicho mwaka 1899 imekwisha yeyuka.

Makutano ya Meru ni kisa kingine. Hapo msitu wa Imenti hauko mbali, na ndani ya msitu nuru ni haba hata saa nne asubuhi. Shorobo, yule ndege wa kijani ambaye mbawa zake huwaka wekundu anaporuka, hukaa juu ya matawi katikati ya majani ya rangi yake mwenyewe. Ile darubini ya mfukoni iliyotamba Mwea itakuonyesha kivuli tu. Hapa panatakiwa kioo cha milimita 42, na ukuzaji wa mara 7 au 8. Ajabu ni kwamba mtu anayeingia msituni hufikiri kinyume: huona giza, akadhani anahitaji kukuza zaidi. La hasha! Kila unapoongeza ukuzaji bila kuongeza kioo unapunguza nuru, unapunguza upana wa mahali panapoonekana, na unaongeza mtikisiko wa mikono yako. Mkono wa mwanadamu hupumua pamoja naye. Ukuzaji ukizidi mara 10, watu wengi hawawezi kuituliza darubini bila kuiegemeza kwenye mti, ukuta, au stendi ya miguu mitatu.

Kiswahili kina neno moja, darubini, kwa vyombo ambavyo lugha nyingine hutenganisha. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni kionacho mbali. Galileo alitumia darubini ya jicho moja alipogundua miezi minne ya sayari ya Mshtarii Januari 1610. Ile ya macho mawili tunayoizungumzia hapa ilichelewa kukamilika. Mwitaliano Ignazio Porro alibuni mwaka 1854 mpangilio wa vioo vya pembetatu, viitwavyo prizimu, ambavyo hukunja njia ya nuru na kuigeuza taswira isimame wima. Ndiyo maana darubini nyingi zina mabega mapana. Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilianza kuuza za namna hiyo mwaka 1894. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi Zeiss, alivumbua utando mwembamba wa kupakwa juu ya kioo ili nuru ipite badala ya kurudi nyuma. Usione vyaelea, vimeundwa. Utando mzuri huonekana kama kivuli cha kijani au zambarau hafifu. Vioo vyekundu ving'aavyo kama macho ya paka usiku, ambavyo wachuuzi huvisifu sana, kwa kawaida vinarudisha nyuma nuru nyekundu ambayo ingepaswa kuingia jichoni mwako.

Kuna darubini nyingine nyembamba zenye mirija iliyonyooka, ambazo prizimu zake zimepangwa kwa namna tofauti. Ni nyepesi na hustahimili mvua, lakini kuziunda vyema ni kazi ya gharama. Kwa pesa kidogo, yenye mabega mapana mara nyingi humpa mnunuzi picha bora zaidi. Shule isione haya kununua umbo la zamani.

Mwalimu yule kijana aliniambia pia kwamba shule yake i karibu na mto, na kwamba nia yao ni kutazama ndege. Nikamuuliza kama amewahi kumsikia ndege aitwaye Hinde's Babbler. Hakuwa amemsikia, na wala si yeye pekee. Ndege huyu hapatikani popote duniani ila Kenya, katika nchi ya kati na mashariki inayozunguka Mlima Kenya, ikiwamo Mwea, Embu na Meru. Jina lake ni la ofisa wa kikoloni wa Uingereza, Sidney Langford Hinde, kana kwamba kabla ya ofisa huyo kufika vichaka vile havikuwa na mtu wa kuwatazama. Wataalamu humhesabu miongoni mwa ndege walio hatarini. Huishi kwa makundi madogo katika vichaka vya mabonde ya mito, na pale vichaka vya asili vilipokwisha kufyekwa amejisetiri ndani ya lantana, ule mmea wa kigeni ambao wakulima huung'oa kwa haki kabisa. Yaani kichaka ambacho mkulima anakiona gugu ndiyo nyumba ya mwisho ya ndege ambaye nchi nyingine hazina.

Sasa fikiria darubini inayofaa kumtazama huyu. Hakai juu ya mti akangoja. Hurukaruka chini kwa chini ndani ya kichaka, kundi zima likipiga kelele, na ukimpata ni kwa sekunde chache. Ana jamaa yake mwenye kifua cheupe ambaye watu humchanganya naye. Yeye mwenyewe manyoya yake yana madoa meupe yasiyo na mpangilio, hata ni nadra kuona wawili wanaofanana kabisa, na jicho lake ni jekundu. Kuuona wekundu wa jicho ndani ya kivuli cha kichaka kunahitaji nuru. Kumfuata anaporuka kunahitaji upana: darubini nzuri ya mara 8 hukuonyesha eneo la mita mbili na nusu hivi ukiwa mita 20 kutoka kichakani, ilhali nyingi za mara 12 hazifiki mita mbili. Na kwa kuwa hutokea akawa karibu mno, chombo chako kiweze kulenga kitu kilicho mita tatu mbele yako. Basi 8x42, au ya 7x35 kwa mwenye kiasi kidogo zaidi. Mwenye 60x90 ya Makutano atasikia kelele tu.

Kwa wale ambao hamu yao ni anga, shauri ni tofauti. Usiku hakuna nuru ya kupoteza, kwa hivyo 7x50 na 10x50 ndizo zinazofaa, ingawa ya pili ni nzito mikononi na yataka kuegemezwa. Kilimia, ambacho wazee walikitumia kujua majira ya kulima na ambacho macho matupu hukihesabu nyota sita au saba, hugeuka kuwa kundi la nyota nyingi zilizotawanyika kama mchele. Miezi minne ya Galileo nayo huonekana kama nukta kando ya Mshtarii, na mwanafunzi akiichora kila usiku kwa juma moja atajionea ikibadilisha mahali. Nuru ya mwezi mpevu huyafifisha haya yote. Bora usiku usio na mwezi. Lakini jua lisitazamwe kwa darubini hata mara moja, wala kwa kuficha lenzi kwa kitambaa, karatasi ya eksirei au kioo kilichopakwa masizi. Siku ya kupatwa kwa jua ya tarehe 3 Novemba 2013, ambayo kivuli chake kamili kiliangukia Turkana, watoto wengi walikuwa uwanjani na macho juu. Darubini hukusanya nuru ya jua kama kioo kinachowasha karatasi, na jicho lililoungua ndani halina maumivu ya kumwonya mwenyewe.

Dukani, usione aibu kuchukua muda. Tazama mlingoti wa umeme ulio mbali: ukiwa umepinda sana hata katikati ya picha, irudishe. Fumba jicho moja, kisha jingine, kisha tazama kwa yote mawili. Ukiona vitu viwili viwili, au ukihisi macho yanavutwa, mirija yake haielekei mahali pamoja na hakuna utakachoweza kufanya nyumbani. Hicho ndicho kilichomsibu mwalimu wetu. Tazama tena lile duara la nuru: likiwa mviringo safi, vyema, likiwa na pembe za kijivu, prizimu zake ni za daraja la chini. Mwenye kuvaa miwani aijaribu akiwa nayo usoni, na ikiwa anaona tundu dogo tu katikati, atafute nyingine ambayo vioo vyake huruhusu jicho kukaa mbali, milimita 15 au zaidi.

Kuna watu walionunua darubini nzuri na bado hawaoni, kwa sababu hawakufundishwa kuitengeneza kwa macho yao. Fumba jicho la kulia, tazama maandishi ya mbali kwa la kushoto, zungusha gurudumu la kati mpaka yasomeke. Kisha fumba la kushoto, na bila kugusa gurudumu la kati, zungusha pete ya kioo cha kulia mpaka maandishi yaleyale yasomeke. Kuanzia hapo pete ile ni yako. Utatumia gurudumu la kati peke yake. Katika chama cha shule, kila mwanafunzi na akumbuke pete yake hukaa kwenye alama ipi, kama anavyokumbuka nambari ya kiatu chake.

Na shule zinunue ngapi? Maoni yangu nayasema bila kupepesa: moja nzuri ni bora kuliko kumi za kuchezea. Wanafunzi 40 wakipewa dakika moja kila mmoja, kipindi kimekwisha na kila mtu ameona. Wakipewa kumi mbovu, wote wataamini kwamba ndege ni ukungu, na hawatarudi. Chama cha Wildlife Clubs of Kenya kilianzishwa mwaka 1968, na matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza jijini Nairobi mwaka 1971 yamewalea watazamaji wengi ambao mwanzoni walikuja mikono mitupu na kuazimwa darubini na waliosimama kando yao.

Lakini hiyo moja nzuri itumiwe. Nilizuru shule moja, ambayo sitaitaja, nikaonyeshwa darubini ya thamani iliyotolewa na wafadhili. Ilikuwa imefungiwa kabatini ndani ya mfuko wake wa ngozi, ufunguo ukikaa mfukoni mwa mtu mmoja tu. Walipoifungua kwa fahari, ndani ya vioo mlikuwa na kuvu iliyotanda kama utando wa buibui, kwa kuwa unyevu wa misimu miwili ya mvua ulikuwa umehifadhiwa pamoja nayo. Hakuna aliyekuwa ameivunja kwa kuitumia. Darubini yataka mahali pakavu penye hewa, vumbi lipulizwe kabla ya kioo kufutwa, na ukanda uvaliwe shingoni kabla ya kitu kingine chochote. Pindo la shati lenye mchanga wa Mwea hukwaruza utando ule wa Smakula kuliko miaka kumi ya matumizi.

Mwalimu yule aliniuliza la mwisho akiwa amekwisha shika mlango: wakishaipata darubini ya kweli, waanze na nini? Nilimwambia waanze na mto wao. Asubuhi mbili katika kila muhula, wapite kandokando ya vichaka vilevile, kwa njia ileile, waandike kundi walilolikuta lina ndege wangapi, kichaka kilikuwa cha mmea gani, na kama kipo bado au kimefyekwa. Na siku ambayo hawakumwona hata mmoja waiandike pia: tarehe, saa, jina la mto, na sufuri.